Kilo Tatu Zilizopotea Mashineni

Mashine ya kusaga ya Mzee Gramu ilikuwa na vitu viwili ambavyo mwenyewe hakuruhusu mtu avifanyie mzaha: injini na mizani. Injini aliisamehe ilipokorofisha, maana injini ni kitu cha moto na mafuta, na kina siku zake. Mizani hakuisamehe. Ilikuwa mizani ya jukwaa, ya chuma, yenye uso wa duara kama saa ya ukutani na mshale mwekundu. Kila asubuhi aliifuta kwa kitambaa, akauweka mshale sawasawa kwenye sifuri, kisha akamwita mteja wa kwanza aje ashuhudie. Mteja awe na haraka, awe na mtoto anayelia mgongoni, ilikuwa lazima asogee, ainame, aseme, "Nimeiona sifuri, mzee." Ndipo gunia lilipopanda.

Kwa sababu hiyo wakamwita Mzee Gramu, na jina lile alilivaa kama kofia ya Idi. Hesabu alijifunza akiwa tayari ana watoto wanne, katika darasa la jioni, amekaa kwenye dawati la watoto magoti yakimgusa kidevu. Tangu hapo alikuwa na imani kubwa na tarakimu. Watu, alisema, hubadilika wakiona aibu. Tarakimu haina aibu.

Miaka miwili kabla ya mambo haya, mwanamke mmoja wa kijiji alifia njiani akiwa na uchungu wa kuzaa. Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, na mumewe alihangaika mlango kwa mlango akitafuta watu wa kumsaidia kubeba kitanda. Huyu yuko shamba, yule anaumwa mgongo, mwingine anasema ngoja nimalizie kufunga ng'ombe. Walipopatikana wanne, jua lilikuwa limeshapanda kichwani, na mama yule hakufika.

Baada ya mazishi, mshonaji wa kijiji, mama mmoja mfupi mwenye macho makali na sindano mbili zilizochomekwa daima kwenye ukosi wa gauni, alifunika cherehani yake kwa wiki nzima akazunguka nyumba kwa nyumba. Alisema kijiji hakikukosa watu wala nguvu. Kilikosa kupatana mapema. Basi akawapatanisha. Alishona machela kwa turubai, mshono juu ya mshono, akavaa shingoni filimbi ya kuwaita wabebaji. Wanaume akawagawa makundi ya watu wanane, kila kundi na wiki yake, na katika wiki yako huendi safari bila kuacha mtu wa kushika nafasi yako. Mwanamke akiingia miezi miwili ya mwisho, hachoti maji wala hakati kuni. Majirani wanamfanyia kwa zamu. Muuguzi wa zahanati alikuja Jumamosi tano mfululizo kuwafundisha akina mama dalili za hatari, na walizishika kama watu wanavyoshika nyimbo. Mshonaji naye akapata jina. Mama Zamu.

Kilichobaki ni uzito. Muuguzi alitaka wajawazito wapimwe kila wiki, lakini nani atatembea saa mbili kwenda na mbili kurudi kila wiki kwa ajili ya kupanda mizani? Mama Zamu akauliza swali moja tu: wanawake wote wa kijiji hiki huenda wapi kila wiki bila kuitwa na mtu? Mashineni.

Mzee Gramu alikataa. Hii ni mizani ya mahindi, akasema, si mizani ya watu.

"Sawa, baba," Mama Zamu alimjibu kwa upole ule wake wa kuchoma. "Mahindi unayapima kwa heshima yote hii. Aliyeyalima je?"

Mzee akakubali. Alhamisi iliyofuata alifika mapema, akafagia vumbi la unga mpaka pembeni, akapaka chokaa kipande cha ukuta karibu na dirisha. Hapo wakachora picha, kwa kuwa si wote waliojua kusoma, na kila mjamzito alijichagulia ya kwake: jembe, jogoo, chungu, mwavuli. Chini ya kila picha ziliandikwa kilo za kila wiki, mbele ya macho ya wote. Sheria ilikuwa rahisi. Ukiongezeka nusu kilo, au hata moja, shukuru. Ukiruka kilo mbili katika wiki moja, unakwenda zahanati siku hiyohiyo na mtu wa kukusindikiza. Na ukiwa na maumivu ya kichwa juu yake, unabebwa, hatuulizani. Kilo mbili kwa wiki, muuguzi aliwaeleza, si mtoto anayekua. Ni maji yanayojaa mwilini, na maji ya namna hiyo hutembea pamoja na presha, na presha hiyo ikiachwa huleta kifafa cha mimba, kinachoweza kuwachukua mama na mtoto kwa mpigo.

Mzee Gramu aliyasikia yote hayo akijifanya anapaka grisi. Hakusema, lakini Alhamisi ikawa siku yake. Aliwaona wanawake wale wakisukumana, wakitaniana, wakishikana mikono kupanda jukwaani, huku Mama Zamu akisoma mshale na kuandika, na alijiona naye ni sehemu ya kazi kubwa. Mwaka na nusu ulipita, na hakuna mama aliyezikwa.

Sasa, Jumatano moja alasiri, akapita fundi wa mizani. Alikuwa na pikipiki na sanduku la vyuma vya kupimia, akizunguka mashine moja hadi nyingine. Mzee Gramu alimkaribisha kwa maringo. Pima, akamwambia, ila unapoteza muda wako.

Fundi akapanga vyuma vitatu jukwaani, kila kimoja kilo ishirini. Mshale ukapanda, ukafika sitini, ukapita. Ukasimama kwenye sitini na tatu.

Mzee akamwambia atoe, arudishe. Sitini na tatu. Akavipanga mwenyewe kwa mikono yake. Sitini na tatu.

"Sifuri yako ni ya kweli kabisa," fundi alisema, akifungua kifuniko cha nyuma. "Ni springi imechoka. Ikikaa bila mzigo haina neno. Ukiipa mzigo, inalegea."

Imechoka tangu lini, mzee aliuliza. Fundi akapandisha mabega. Springi hailegei siku moja; labda mwaka, labda zaidi. Alikuwa na mpya sandukuni, akaifunga palepale, na vyuma vitatu vikasoma sitini, bila kupungua wala kuzidi.

Mzee Gramu alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki akamwomba jambo hili liishie hapo. Hakuwahi kumdhulumu mtu punje. Lakini kusaga hulipiwa kwa kilo, na nani angeamini kwamba mtu anayepiga kelele za sifuri kila asubuhi hakujua habari za sitini? Wangemwita mwizi. Angefika kaburini na jina hilo.

Kesho yake ikawa Alhamisi.

Wajawazito walikuwa saba. Wa kwanza kupanda alikuwa Jembe, na Mama Zamu akasoma mshale, akautazama ukuta, akausoma tena. Alikuwa amepungua karibu kilo tatu. Akapanda Jogoo, vilevile. Chungu, vilevile. Mzee Gramu alikuwa nyuma ya injini na tambara mkononi, pumzi ameibana. Alijua fika kwamba watashangaa. Alichokingoja ni kuona kama watageuka na kumtazama yeye.

Hawakugeuka. Bibi mmoja muuza vitunguu, aliyekuja kusaga mtama wake, akasema wazi kwamba hiyo ni njaa, wala msitafute mchawi. Ulikuwa mwezi ule ambao mahindi ya mwaka jana yamebaki chini ya ghala na ya mwaka huu ndiyo kwanza yanatoa maua. Wengine wakaitikia. Kweli, uji umekuwa mwepesi siku hizi. Hata Mama Zamu, ambaye hadanganyiki kirahisi, alitikisa kichwa kwa uchungu. Na haya ndiyo yalikuwa makosa ambayo ni watu waangalifu tu wangeyafanya, kwa kuwa waliuamini ukuta wao, na waliiamini mizani ya Mzee Gramu kuliko hata yeye mwenyewe alivyostahili.

Wa mwisho akapanda mke wa fundi baiskeli, binti mcheshi wa mimba ya kwanza, ambaye picha yake ilikuwa gurudumu. Wiki iliyopita alikuwa sitini na nne. Leo pia sitini na nne.

Wanawake wakampigia makofi. Mama Zamu akamshika kidevu akawageuzia wenzake wamwone: uso umejaa, ngozi inang'aa. Huyu ndiye anayekula, akasema. Binti akacheka, akasema anakula hayohayo wanayokula wengine, labda maji tu yanamkubali. Alikuwa amevaa kandambili za mumewe, kubwa kama makasia.

"Babu," akamwita Mzee Gramu, "mizani yako imeamua kunipenda mimi peke yangu. Hawa watakuja kuniroga."

Watu wakaangua kicheko. Mzee naye alicheka, akainamia injini yake.

Kabla unga haujapoa, Mama Zamu alikuwa ameshagawa nyumba za kupika uji mzito kwa ajili ya wale sita waliokonda. Gurudumu hakuwekwa kwenye orodha ya wanaopelekewa. Aliwekwa kwenye ya wanaopeleka, na mwenyewe akajitolea kuchambua maharage. Mzee Gramu alisikia mdomo wake ukisema atatoa gunia zima la unga. Wakamsifu, wakamwita baba wa kijiji, na sifa zile zilimchoma kama mwiba wa samaki.

Ijumaa asubuhi alifungua mashine, akafuta mizani, akauweka mshale kwenye sifuri. Hakumwita mtu kushuhudia. Akasimama mbele ya ukuta wa chokaa, na kwa mazoea ya mtu wa hesabu akaanza kuzirekebisha tarakimu za wiki iliyopita kwa moyo, akiziondolea uongo wake. Jembe: hamsini na nane, toa tatu, hamsini na tano, jana hamsini na tano na nusu. Hakukonda. Jogoo hakukonda. Chungu, Mwavuli, wote wameongezeka kidogo kama inavyotakiwa. Hakuna njaa. Mzigo fulani ukamtoka kifuani, akawa karibu kutabasamu.

Akafika kwenye gurudumu. Sitini na nne, toa tatu, sitini na moja. Jana, sitini na nne.

Kilo tatu. Siku saba.

Alirudia hesabu ile kwa kidole hewani, na kila alipoirudia ilimjibu vilevile. Uso umejaa. Kandambili za mumewe. Yeye peke yake, kijiji kizima, ndiye aliyekuwa na ile tarakimu moja iliyokosekana kwa wengine wote, na alikuwa ameikalia tangu Jumatano kama kuku juu ya yai bovu.

Nje kulikuwa na foleni ya magunia. Akafunga mlango, akapita katikati ya wateja bila salamu.

Mama Zamu alikuwa kwenye cherehani barazani, akishona sare za shule. Mzee alianza kwa maneno ya kuzungukazunguka. Alisema amemwaza yule mke wa fundi baiskeli, mimba ya kwanza ile, si vibaya akaonwa na muuguzi. Mama Zamu akasema ataonwa siku yake ya kliniki. Mzee akasema leo ingekuwa bora. Mama Zamu akaondoa mguu kwenye kanyagio. Akamweleza taratibu kwamba ni msimu wa palizi, na kuwatoa wanaume wanane shambani ni jambo zito. Wakiitwa bure leo, kesho filimbi ikilia watakuja wakikokota miguu. Kisha hataki kumtia hofu binti mwenye mimba ya kwanza bila sababu.

"Nipe sababu, baba, nami nitapuliza filimbi sasa hivi."

Mzee Gramu alivua kofia. Aliangalia barabara pande zote mbili, kama mtu anayeaga.

"Mizani yangu ilikuwa mbovu," akasema. "Mwaka mzima, labda zaidi. Ilikuwa inazidisha. Fundi aliitengeneza juzi Jumatano, na mimi nikanyamaza kwa kulinda jina langu. Hakuna aliyekonda jana, mwanangu. Wote mizani imewapunguza kilo tatu. Ila yeye hakupungua."

 Midomo ya Mama Zamu ilisogea kidogo; alikuwa anahesabu. Halafu akainuka, kitambaa kikaanguka, naye akaikanyaga sare ya mtu bila kuiona, filimbi tayari iko mdomoni.

Na hapo Mzee Gramu aliona kwa macho yake kitu alichokuwa akikisikia tu akiwa nyuma ya injini. Filimbi ililia mara tatu, na mashamba yakajibu. Majembe yalilazwa chini palepale, hakuna aliyeuliza ni nani wala kuna nini. Mtu wa nne wa kundi alikuwa na jipu mguuni. Ndugu yake alikuwa ameshatoka nyumbani akikimbia kushika nafasi yake. Mwanamke mmoja alichukua funguo za nyumba ya fundi baiskeli, mwingine kuku, mwingine akafunga kanga mbili na chupa ya maji kwenye kifurushi. Kabla hujamaliza kula hindi moja, machela ilikuwa mlangoni.

Gurudumu walimkuta anachambua maharage ya wenzake, kichwa amekifunga kitambaa. Kinauma tangu juzi, akasema, jua tu hilo. Alipoona machela akaanza kulalamika, mbona yeye mzima, atatembea.

"Utatembea ukirudi," Mama Zamu alimwambia. "Panda."

Mzee Gramu alifuatana nao. Hakuna aliyemwomba, lakini muuguzi angehitaji tarakimu za kweli, na hizo zilikuwa kwake. Wanaume walibeba kwa kupokezana, wanne mabegani, wanne pembeni, wakibadilishana bila kusimama kama watu wanaocheza ngoma moja. Fundi baiskeli alikataa kupokezwa mpaka Mama Zamu alipomtoa kwa kumshika ukosi. Mzee Gramu, mwenye miaka sitini na tisa, alikuja nyuma, viatu mkononi, akihema.

Muuguzi alipima presha, akapima tena mkono wa pili. Mzee akatoa hesabu yake kwa ufupi, bila kujitetea. Muuguzi alimsikiliza huku anavuta dawa kwenye sindano, akamchoma binti, akapiga simu gari la hospitali lije. Lilipoondoka na fundi baiskeli ndani, muuguzi alimwambia Mama Zamu kwamba mtu huyu asingeifikia Alhamisi nyingine.

Njiani kurudi, Mama Zamu alitembea sambamba na mzee. Hakumlaumu. Alimwambia tu kwamba yeye hatamwambia mtu. Sehemu iliyobaki ni ya mwenye mizani.

Alhamisi ikafika bila habari kutoka hospitali. Mashine ilijaa. Mzee Gramu hakuwasha injini. Alipanda yeye mwenyewe jukwaani ili aonekane, akasema yote: springi, fundi, ombi la kunyamaza, siku mbili alizoziba mdomo. Alisema mwaka mzima amewasagia kwa kilo zisizokuwepo na hakujua, lakini toka Jumatano ile alijua.

 Kisha yule bibi wa vitunguu akashika kiuno.

"Kumbe mimi ni mwembamba," akasema. "Na wewe umeniacha nijinyime maandazi mwaka mzima, Mzee Kilo Tatu."

Walicheka, maana alichekesha. Lakini si wote. Wanawake watano waliinua magunia yao bila neno, wakaenda nayo mashine ya ng'ambo ya bonde, na wawili kati yao hawakurudi kusaga kwake tena. Jina jipya nalo lilibaki. Mwanzoni aliliitikia kwa shingo upande. Baadaye akaliitikia tu.

Ila kwenye kupimwa hakuondoka mjamzito hata mmoja. Mama Zamu aliwauliza wanawake wafanye nini na mizani hii, nao wakajadiliana kama wabunge, tena bora zaidi, kwa sababu walimaliza. Waliamua litafutwe jiwe kubwa, lipimwe zahanati, liandikwe uzito wake kwa rangi, na kila Alhamisi lipande jukwaani kabla ya mtu. Sifuri peke yake isiaminiwe tena. Je, uji wa wale sita usimamishwe, kwa kuwa hawakukonda? Hapo Jembe, Jogoo na wenzao walipinga kwa sauti moja, na uji ukaendelea.

Walikuwa bado wanabishana juu ya jiwe fundi baiskeli alipotokea mlangoni, mwekundu kwa vumbi, macho hayajalala siku kadhaa. Watu wakamfungulia njia. Alisema mtoto ametolewa juzi kwa upasuaji, wa kike, mdogo, kilo mbili na robo. Mama yake amefumbua macho, presha inashuka, jana ameomba uji. Akataka kusema zaidi, lakini akakaa juu ya gunia la mtu, uso mikononi.

Wanawake hawakumwachia nafasi ya kulia peke yake. Wawili walimkalia huku na huku. Mama Zamu yeye alikuwa ameshageukia ukuta, chaki mkononi, akigawa. Nani anakwenda hospitali na kanga safi. Nani anapalilia shamba la fundi kabla magugu hayajameza maharage. Nani anakaa na mama mchanga usiku wiki mbili za kwanza. Majina yaliitikiwa moja moja, mpaka ikabaki kazi moja, kujaza pipa la maji la nyumba ile kila asubuhi, na macho ya Mama Zamu yakazunguka chumba chote yakatua nyuma ya injini.

"Mzee Kilo Tatu," akasema, "wewe unaamka mapema."

Basi kwa miezi miwili, kabla hajafungua mashine, watu walimwona mzee yule akipandisha mlima kutoka kisimani, ndoo moja kila mkono, akizihamisha polepole ili zisimwagike. Wanaume wenzake walimtania wakachoka. Alipofika alimimina ndani ya pipa, akasubiri maji yatulie, akachungulia yamefika wapi, na kama hayakufika ukingoni alirudi kisimani mara ya pili.